Usiuvute Mkono

Hagg Row, Eldersike
Durham
Jumapili, 9 Februari 1986

Kaka yangu mpendwa Clifford,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, zikufikie wewe, wifi yangu Joyce na watoto, na ziwakute nyote mkiwa wazima. Unasema huko Australia joto limewazidi hadi mnalala nje. Nikupe pole, ingawa nitakuwa mnafiki, maana huku theluji imegoma kuondoka na bomba la jikoni linaganda kila asubuhi. Baba yu hai. Mimi ni hai pia, kama kuamka, kuwasha moto na kufua mashuka ndiko kuishi. Nimechoka, Clifford. Naliweka neno hilo hapa mwanzoni ili usije ukalitafuta katikati ya mistari.

Barua yako niliipata Jumanne. Norman Tulip alikuwa ameshaipata ya kwake, akaja hadi mlangoni na beleshi mkononi. Alisema umemwandikia kwamba yule kicheche wa Baba wa kuwindia sungura, Tansy, amekwisha kuharibika, kwamba anamrarua dada yako mikono, na kwamba yeye kama jirani ammalize kabla mwezi haujaisha. Alikuwa mpole, hata kofia aliivua. Akanikumbusha sheria ya Baba mwenyewe, ile uliyomtajia: kicheche akimuuma anayemlisha mara ya kwanza husamehewa, mara ya pili ni beleshi. Nilimwomba asubiri mpaka nikuandikie. Amekubali kusubiri jibu lako, na amesema hatasubiri zaidi ya hapo. Kwa hiyo tafadhali isome barua hii yote hadi mwisho. Uhai wa mnyama uko mkononi mwako, na si huo tu.

Nianze na Tansy. Unajua Baba hakukaa siku hata moja bila kumshika. Hata wakati wa mgomo wa wachimba makaa, tulipokuwa tukila kile walicholeta majirani, yeye alikuwa akitoka na nyavu zake na Tansy kifuani mwa koti, na jioni kulikuwa na sungura chunguni. Halafu yakaja haya maradhi ya kusahau. Kwanza alisahau majina, baadaye akasahau njia ya kwenda bustanini, na mwisho akawa haulizi tena kuna nini kule bandani. Kazi ya kumlisha ikanijia mimi. Nami, na nguo za Baba zikiloweka na sufuria ikiwa motoni, nilikuwa nafungua mlango wa kizimba kidogo tu, natupa nyama, nafunga. Majira yote ya kuvuna yalipita hivyo. Mnyama asiyeshikwa hurudi porini hata kama hajatoka kizimbani.

Novemba nilikwenda kumbadilishia majani, akanikamata kidole gumba. Kicheche akiuma haachii, unakumbuka mwenyewe. Nilipiga kelele, nikauvuta mkono kwa nguvu zote, naye akaja nao huku ananing'inia. Norman aliponifunga kitambaa alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Doreen, huyo amekupenda tu, ndiyo maana hataki kukuacha." Baadaye akanishauri nimpige kofi la pua kila akiuma. Nilijaribu. Ikawa kila akiuona mkono wangu anauanza yeye kabla haujamwanza.

Nikavaa zile glavu za ngozi za Baba za kukatia miiba. Huo ndio ulikuwa upumbavu wangu, maana mtoto wa nyumba hii alipaswa kujua. Ndani ya glavu sikuhisi kama nambana au namshika, naye hakunusa mtu, alinusa ngozi kuukuu. Alikuwa akizishambulia kana kwamba ni adui wa ukoo wake. Norman alipoona hivyo akaanza kulitaja beleshi, akasema samaki hukunjwa angali mbichi na huyu ameshakauka.

Sikuwa na wa kumuuliza ila Baba, na Baba wakati huo alikuwa akiniita kwa jina la mama. Lakini asubuhi moja, alipokuwa karibu na moto amekamata kikombe chake cha chai, nilimweleza tu kwa kuwa nilitaka kumweleza mtu. Clifford, laiti ungekuwepo. Alikaa wima. Mwezi hakuujua, mfalme au malkia asingekutajia, lakini hilo alilijua lote. Aliniambia nizitupe glavu. Akasema nisimshike kutoka juu hata siku moja, kwa sababu kinachotoka juu ni mwewe, na yeye anauma kwa kuwa anataka kuishi. Nije kutoka chini, polepole, ngumi imefungwa ili asipate kidole, na niseme jina lake kabla hajaniona. Nipake maziwa kwenye ngumi, maana mkono mtupu haulambwi. Mwisho akanishika kifundo cha mkono na kunitazama kama alivyokuwa akitutazama tulipokuwa wadogo.

"Na akikuuma, usiuvute mkono," akasema. "Ukiuvuta, umemfundisha kwamba kuuma kunamsaidia. Tulia hapo hapo. Ataona mwenyewe hakuna vita."

Dakika chache baadaye aliniuliza mimi ni nani na kama basi limeshapita.

Basi nilifanya alivyosema. Kila siku baada ya kumwosha Baba na kumlisha, nilikwenda bandani, nikapiga magoti kwenye ardhi iliyoganda, nikaingiza ngumi yenye maziwa. Aliuma. Nikalia bila sauti na sikuuvuta. Aliuma tena, akaachia, akaulamba. Siku nyingine alilamba kwanza, kisha akakumbuka kuuma. Sikukuambia hayo katika barua zangu kwa sababu niliona aibu kumwandikia mtu aliye ng'ambo ya bahari kwamba saa yangu nzuri kuliko zote ni ile ninayoumwa na kicheche. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kule bandani kulikuwa na kazi inayosonga mbele. Ndani ya nyumba kila kitu kilikuwa kinarudi nyuma.

Kabla ya Krismasi alikuwa ameacha. Sasa analala kwenye mfuko wa sweta yangu ninapomenya viazi. Norman alimchukua siku moja hadi kwenye kilima nyuma ya reli, Tansy akaingia shimo la sungura na kutoka kama zamani, na sungura aliyemtoa tulimpika kwa vitunguu, Baba akala sahani mbili. Norman mwenyewe alisema hajaona kicheche mzee akirudi kwenye adabu namna ile. Ndiyo maana alishangaa sana Januari aliponiona na bandeji mpya, na ndiyo maana alikuandikia.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito. Nimeinuka, nimeongeza makaa motoni, nimerudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nimeyaficha ya kutosha.

Tansy hakuniuma Januari. Hajaniuma tangu kabla ya Krismasi. Aliyeniuma ni Baba.

Nesi Heslop alikuwa ameniletea glavu za mpira, kwa kuwa Baba sasa hajizuii, na alinifundisha namna ya kumsafisha. Ni mwanamke mwema, simlaumu. Asubuhi hiyo Baba alikuwa kitini, nami nikasimama nyuma yake, nikainama juu yake na kitambaa cha maji kumwosha uso. Kutoka juu, Clifford, na glavu mkononi. Alinikamata hapa chini ya kidole gumba kwa meno aliyobaki nayo, akang'ang'ania, nami niliuvuta mkono nikipiga kelele kama vile sijawahi kufundishwa kitu. Damu ilidondoka kwenye shati lake. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hizo nguo nazifua kila siku na sikukiona.

Alipotulia aliuona mkono wangu. Akauchukua kwa mikono yake miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Nani kakuuma, binti?"

Ningemwambia nini? Nikamwambia ni Tansy.

Akawa anaupapasa mkono wangu. Nilidhani ameshasahau. Halafu akasema, "Usimpige. Hana ubaya huyo, anaogopa tu. Mpe nafasi nyingine."

Ni yeye aliyesema hivyo, Baba yetu, mwenye sheria ya beleshi. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi na aproni yangu usoni.

Baada ya hapo uongo ulikuwa rahisi. Norman alipouliza, ni Tansy. Nesi alipouliza, ni Tansy. Nesi alikuwa ameshanieleza kwamba mgonjwa akianza kudhuru watu, yeye nesi hana hiari, lazima aripoti, na kuna wodi mjini ambako huwapeleka wa namna hiyo. Niliwahi kuiona nilipokwenda kumtazama mama yake Norman. Milango yake haina vitasa upande wa ndani. Kwa hiyo nilimwokoa Baba kwa kumsingizia mnyama asiye na mdomo wa kujitetea, na sasa mnyama huyo ndiye anayengojewa na beleshi. Na si mara moja tu Baba ameniuma. Ukitaka kuifuata ile sheria, kaka, basi ujue inamwangukia nani.

Zile glavu za mpira nimezitupa. Sasa napiga magoti mbele yake, nasema jina langu, nauleta mkono kutoka chini ukiwa umefungwa, namwacha anuse sabuni. Siku nyingi anakubali. Siku nyingine anauma, nami situmii nguvu, natulia hapo hapo mpaka aone hakuna vita. Siku hizo zinapungua. Lakini Tansy alikuwa akisonga mbele, na Baba hasongi. Najua hilo. Iko siku nitashindwa, na hapo labda hatutakuwa na budi ila wodi. Sitaki tu iwe mwezi huu, na sitaki iwe kwa uamuzi wa mtu ambaye hajampigia magoti.

Nakuomba mambo mawili. Mwandikie Norman kwa haraka amwache Tansy. Ukweli nitamwambia mimi mwenyewe, na nesi pia nitamwambia akija Alhamisi, nione ataniangaliaje. La pili ni kwamba uje. Najua safari ni ndefu na najua kazi yako. Uje tu, hata kwa wiki chache, nilale. Ukija usimkumbatie ukiwa umesimama. Inama, sema jina lako, leta mkono kutoka chini. Pengine hatakujua. Akikuuma, usiuvute. Uliwahi kuuvuta mara moja, siku ile ulipopanda meli kwenda Australia, na hakuna aliyekulaumu, lakini sasa sina mkono mwingine wa kuongeza.

Msalimie wifi na umbusu kila mtoto kwa niaba ya shangazi yao. Norman anakusalimu na anasema bustani yako ya vitunguu ameilima yeye, ana mpango wa kushinda nayo kwenye mashindano ya mboga. Baba naye anakusalimu. Anadhani uko zamu ya mchana mgodini, na kila jioni, kabla sijamlaza, ananiuliza kama nimekuwekea chakula. Namwambia nimekuwekea.

Dada yako akupendaye,
Doreen