Jina la Kijiji Chetu Halikuchapwa

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu ya kusimama baada ya kumzika Bibi. Mimi ni mzima wa mwili. Mguu wako je, bado unavimba?

Barua uliyomwandikisha katekista niliisomea kazini, nikashindwa kuendelea. Kumbe Bibi alikuwa akiwaachia wajukuu uji, yeye anakunywa maji. Tena unasema Mjomba Kasimiri na vijana wamemchomea nyumba katibu wa kijiji, eti kauza mahindi ya msaada. Mama, hakuuza. Mahindi yenu hayakutoka ghalani Mpanda hata gunia moja.

Hapa ofisini kompyuta ndiyo inayochapa orodha ya vijiji vya kupelekewa chakula. Kila kijiji kina jalada lake kwenye mkanda wa mashine, unaohifadhi habari kama kaseti inavyohifadhi nyimbo. Mashine inasoma jalada, inachapa jina, inarudi kuchukua jingine, hivyo hivyo mpaka yaishe. Nikakitafuta kijiji chetu kwenye orodha, hakipo. Kwenye mkanda kipo, tena cha mwisho kabisa, kwa kuwa mlihamishiwa hapo juzijuzi. Nikapitia maagizo ya mashine, ambayo hutobolewa kwenye kadi, kadi kwa kadi. Aliyeyapanga aliiambia ikifika jalada la mwisho isimame, na agizo la kuchapa akaliweka nyuma ya hilo. Basi ikawa inasimama kabla haijawaandika nyie.

Nikampelekea mkubwa wangu habari hiyo. Akasema, "Orodha imeshatiwa sahihi. Rekebisha ya mwezi ujao."

"Mzee, hao ni watu wa kwetu. Bibi yangu amekufa kwa njaa."

Akanirudishia orodha. "Haya, chapa upya."

Nikaitanguliza kadi ya kuchapa mbele ya ile ya kusimama. Kijiji kikatokea, mstari wa chini. Mkubwa mwenyewe akapiga simu Mpanda. Wamemjibu lori litapanda milima ya Mwese barabara ikikauka. Sikufurahi, Mama. Nilikaa nikalitazama lile jina.

Katekista aisome barua hii mbele ya Mjomba na vijana wote. Kisha waende Karema wamtafute katibu alikokimbilia na watoto wake. Watamwambia nini, sijui. Mjomba akikasirika, hasira anitumie mimi.

Nisalimie dada anayekutekea maji, na shemeji. Na mama yake katibu, yule mkunga aliyenipokea nilipozaliwa, mpelekee shikamoo yangu mwenyewe, usimtume mtu. Lori likifika, kipimo cha kwanza apewe yeye.

Ni mimi mwanao,
Bonifasi