Jina Unalotaka Kumpa Mtoto

Mwipwa wangu Neema,

Salamu nyingi toka huku Kiringye. Mama yako hajambo, mpunga umekomaa, na mimi mjomba wako bado nawashinda vijana wote kulima. Umeniuliza kama umpe mtoto jina la babu yetu Mushengezi, yule niliyewasimulia kwamba aliwaongoza askari wa Wazungu kwenye vita ya Wadachi, tarumbeta zikilia. Neema, ngoja kwanza.

Vita yetu ilipotukimbiza, nikiwa kijana, nilipanda mpaka Rurambo, juu milimani. Mama mmoja mkongwe akanipokea. Kule mgeni anataja kwanza babu zake, ndipo anapewa maziwa. Mimi na mdomo wangu huu nikaanza: "Babu yangu ni Mushengezi! Wazungu hawakujua njia za mlima huu, yeye ndiye aliyewaonyesha. Bila yeye wangepotea wote!"

Yule mama akatikisa kibuyu cha maziwa.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Aliwaonyesha na pango alimojificha baba yangu. Wakamkamata abebe mizigo yao, hakurudi. Kunywa, mtoto wangu, umetoka mbali."

Nilikunywa, njaa ilikuwa kali. Tangu siku ile nawasimulia nusu tu, na tarumbeta naongeza mwenyewe. Naona haya, Neema.

Jina la babu ukilitaka, ni lako. Lakini mimi ningependa kukupa jina la yule aliyebebeshwa mizigo. Siku tatu nilikula kwa binti yake, na sikuthubutu kumuuliza baba yake aliitwa nani.

Mjomba wako, Bahati