Aliyeitika Kwenye Kibanda cha Pili

KITUO CHA POLISI, CHINI YA MLIMA
MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU MTU ALIYEPOTEA

Jina: limeandikwa kwenye jalada. Kazini huitwa Prufu.
Umri: miaka 26
Kazi: msahihishaji wa prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa), kiwanda cha uchapaji
Makazi: chumba cha kupanga, ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda hicho
Kuanza: Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa 11:45 jioni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari. Yanamhusu fundi wa kujalidi vitabu, mwanamke wa miaka 54, ambaye sote tunamwita Mama Gundi. Alikosekana tulipohesabiwa kwenye basi leo alasiri. Ninafanya naye kazi miaka miwili. Mimi namwita mama, yeye ananiita mwanangu, lakini si ndugu.

Mnamo tarehe 2 Juni, saa 7:00 mchana, tulifanya kikao cha kupanga safari ya mlimani kwenye chumba cha kulia cha kiwanda. Kamati ilikuwa ya watu watatu: msimamizi wetu, fundi mitambo, na mimi katibu. Watu kumi na tisa walijiandikisha, na wengi wao mlima walikuwa wakiuona dirishani tu. Tukaamua kuwe na makundi matatu. Wepesi wangetangulia hadi kileleni. Kundi la Kati lingefika kibanda cha pili. Kundi la Taratibu lingekwenda na mwongozaji, liishie kibanda cha kwanza na kurudi kwa njia ile ile.

Fundi mitambo akasema, "Hao wa Taratibu tuwabebee na magodoro kabisa."

Mama Gundi alikuwa anafuta meza. Akamjibu, "Wewe ukipanda ngazi na rimu moja ya karatasi unahema kama pampu. Godoro lako tulibebe sisi?" Watu walicheka sana.

Ili kupata makundi tuliweka jaribio. Kila mmoja alitakiwa kupanda ngazi za kiwanda, ghorofa nne, mara mbili bila kusimama. Anayesimama ni wa Taratibu. Mimi nilikaa ngazini na saa na karatasi ya majina.

Mama Gundi alipanda tarehe 4 Juni, saa 10:15 jioni. Mara ya pili alisimama ghorofa ya tatu, akashika reli, midomo imebadilika rangi. Nilihesabu sekunde hamsini. Hakuna mwingine aliyeona. Alipopata pumzi akaniambia, "Mwanangu, niweke na wewe. Mlima huu nimeujalidi miaka ishirini. Kila kitabu cha picha kinachotoka hapa kimepita kwenye vidole vyangu. Nataka nione ule upande ambao huwa unaingia kwenye mshono wa kitabu."

Niliandika: Kati. Safu ya kusimama niliiacha tupu.

Leo tuliteremka kwenye basi langoni saa 2:00 asubuhi. Msimamizi aliita majina akitumia daftari lile lile la mahudhurio ya kiwandani. Wote tulikuwepo. Saa 4:10 tulifika kibanda cha kwanza, akaita tena, wote tukaitika. Kundi la Taratibu likabaki hapo na mwongozaji. Mama Gundi alikuwa amekaa kwenye jiwe akitabasamu bila kusema kitu, na yeye si mtu wa kunyamaza. Nikamwomba mkoba wake nimbebee. Alinipa bila ubishi. Ndio huo uliopo mezani kwenu. Ndani yake mna koti lake la mvua, chupa ya maji, dawa zake za presha na simu yake.

Tuliondoka hapo saa 4:25. Saa 5:05 tulifika kwenye kijito chenye daraja la magogo mawili. Alikuwa nyuma yangu hatua chache. Akasema, "Tangulia, nafunga kiatu, nakukuta." Nilimwambia nitamsubiri. Akasema, "Nenda bwana, usinifanye mgonjwa." Nikaenda. Nilipogeuka kwenye kona ukungu ulikuwa umeshuka, na daraja sikuliona tena.

Ng'ambo ya kijito, mita chache tu, njia inagawanyika. Ya kulia inapanda. Ya kushoto ni njia ya zamani iliyofungwa kwa kamba. Mwongozaji alituonya asubuhi kwamba inaishia kwenye poromoko. Kamba yenyewe iko chini ya goti.

Saa 5:45 tulikuwa kibanda cha pili, Wepesi nao wakiwa bado hapo. Mvua ilianza. Wote tulikuwa na makoti ya kiwanda, rangi moja, kofia zimeshushwa hadi kwenye pua. Msimamizi alilifunika daftari kwa mfuko wa nailoni, akaanza kuita bila kuinua macho.

Hapa naomba nieleze jambo la kazini, la sivyo hamtanielewa.

Kiwandani majina yanaitwa saa 1:00 asubuhi. Msimamizi husimama chini ya ngazi, mashine zimeshawashwa, na anasikiliza tu, haangalii. Ukikosa mara tatu unapewa barua ya onyo, ya nne unafukuzwa. Mama Gundi ana mama yake mzazi ambaye hainuki kitandani. Kila asubuhi humwogesha na kumlisha kwanza, kwa hiyo huchelewa dakika kumi. Jina lake likiitwa, mimi huitika kwa sauti nzito kama yake nikiwa nyuma ya rafu za kukaushia karatasi: "Nipo." Baadaye anaingia kwa mlango wa stoo, ananibana bega, tunaendelea na kazi. Nimefanya hivyo miaka miwili. Siku hizi hata sifikirii.

Leo kwenye kibanda cha pili msimamizi aliita jina la Mama Gundi. Mimi niliitika.

(Saa 12:02 jioni maandishi yamesimamishwa ili kupiga redio. Yameendelea saa 12:09.)

Sikukusudia kumficha mtu. Nilijua amechelewa dakika kumi, na dakika kumi zake nazijua. Nilisimama nikitazama njia. Mvua ikazidi, msimamizi akasema kilele kimeahirishwa, kila mtu ateremke upande wa pili ambako basi lingezunguka na Kundi la Taratibu kutusubiri. Watu walianza kusukumana. Nilimtafuta Mama Gundi kwenye makoti sikumtambua. Nikamuuliza fundi mitambo, aliyekuwa wa mwisho kufika, "Mama Gundi umekuja naye?"

Akasema, "Si ameitika? Nimemsikia kwa masikio yangu."

Alisema kwa uhakika kabisa. Na mimi, afande, nikatulia. Sijui nifafanueje. Nilijua ni sauti yangu, lakini kwa kuwa mwingine ameisikia, nikaona labda na yeye aliitika baada yangu, labda yuko mbele tayari ananitania. Nikateremka na mkoba wake mgongoni. Kila nilipoona koti fupi mbele yangu nilijiambia ni yeye, nikisahau kwamba koti lake nimelibeba mimi. Nilifuata koti moja karibu saa nzima. Lilikuwa la mpiga chapa.

Saa 9:10 alasiri tulihesabiwa kwenye basi tukiwa tumekaa, kichwa kwa kichwa. Alipungua mmoja. Msimamizi akasema, "Haiwezekani. Kibanda cha pili alikuwepo, nina alama yake hapa." Waokoaji walioitwa walipofika, akawaonyesha daftari. Kwa sababu ya alama hiyo walianza kumtafuta kuanzia kibanda cha pili kushuka upande wa pili wa mlima. Nilisimama karibu nao. Nilifungua mdomo mara mbili. Niliogopa barua, yangu na yake. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Simu yake imeita mara tatu tangu nikae hapa. Ni mdogo wake, anayemwangalia mama yao leo. Sijaipokea.

Hakuna mtu aliyenituma kunyamaza. Hakufika kibanda cha pili. Mara ya mwisho alikuwa kwenye daraja la magogo mawili, saa 5:05, ameinama, hana koti.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo. Nimesomewa, nimesahihisha sehemu moja, na nimeridhika kuwa ni kweli.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika mimi mwenyewe na kumsomea shahidi. Sehemu aliyosahihisha: nilikuwa nimeandika "nadhani niliitika". Amekata "nadhani".

Saa 12:02 niliwaamuru kwa redio walinzi wa kibanda cha kwanza wapande hadi kwenye kijito. Saa 12:36 waliripoti kufika. Kamba ya njia ya kushoto imelala chini na kuna alama za kuteleza. Giza linaingia.

Waliita jina la aliyepotea mara tatu, wakinyamaza kati ya mwito na mwito. Redio iliachwa wazi. Shahidi alikuwa amesimama karibu na meza yangu, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mwito wa nne uliitikiwa, saa 12:41. Sauti ilikuwa ndogo na ilitoka kwenye redio, si chumbani. Nathibitisha hilo kwa kuwa wakati huo wote nilikuwa namtazama shahidi.