Natakiwa niseme Felisian alitukana dini

(Majina yote katika barua hii yamebadilishwa.)

Mpendwa mshauri Bi Shakila, naomba msaada kwako kwa kuwa huku kwetu kila ninayeweza kumuuliza ameshachagua upande. Mimi ni mama mtu mzima, Mwislamu, mkulima wa korosho na ufuta wilaya ya Nachingwea. Baba yangu alifariki mwezi wa tano, na kama unavyojua huku kwetu msiba bila watani haujawa msiba, sasa ukoo wetu na ukoo wa Felisian ni watani tangu enzi za mababu, wao Wakatoliki sisi Waislamu, na jambo hilo halijawahi kumnyima mtu usingizi, alipokufa baba yake Felisian, marehemu baba yangu alijilaza ndani ya kaburi kule misheni akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na padre akacheka pamoja na wafiwa. Kwa hiyo mimi mwenyewe nilimpigia simu Felisian nikamwambia mtani, mzee katutoka, njoo.

Akaja. Alivaa kanzu na kofia ya baba, akawa anachechemea kama baba na kukohoa kile kikohozi cha baba, na jeneza lilipokuwa linatoka uani akajilaza njiani akasema huyu mzee haendi popote mpaka nilipwe jogoo wetu, hata sisi wanawake tuliokuwa tunalia tukajikuta tunacheka. Basi kaka yangu Ramadhan, aliyerudi kutoka Dar mwaka jana, akaja mpaka pale jikoni niliposimama akachukua mchi wa kinu, akasema kwa sauti ya chini, “Leo ataiachia mikorosho yangu.” Nilisikia mimi peke yangu. Halafu akasogea mbele kwa watu akapaza sauti, “Mnamtazama tu kafiri anavyomchezea maiti wa Kiislamu?” na akampiga Felisian kichwani akiwa bado amelala chini, wala hakuwahi kuinua mkono, na vijana watatu wakamrukia kwa mateke. Alifia hospitali kesho yake.

Hiyo mikorosho iko upande wa Likunja, wilaya ya Ruangwa. Baba alimpa Felisian mbele ya wazee, maana Ramadhan aliikataa enzi ilipokuwa pori, alisema yeye hakuzaliwa kuja kuzeeka na dawa ya salfa puani, basi Felisian akafyeka, akapulizia, ikazaa. Bei zilipopanda kaka akarudi kuidai na baba akakataa mpaka mauti yanamkuta. Mambo hayo wazee wanayajua ila hakuna anayeyataja, sasa hivi wimbo ni mmoja tu, vita vya dini. Banda letu la ufuta limechomwa moto, mwalimu wa madrasa amepigwa mawe, na vijana wa kwetu wanasema na wao watakichoma kigango cha Wakatoliki. Kaka yuko mahabusu. Wazee wa ukoo wameniita wakaniambia polisi wakinihoji niseme Felisian alitukana dini na kaka alipandwa na hasira, kwamba hivyo tu ndivyo atakavyoepuka kitanzi.

Bi Shakila, kuna jambo nalizunguka tangu nianze kuandika. Mmoja wa wale vijana watatu ni mwanangu Saadi, na polisi hawajui. Kaka ametuma neno kupitia mkewe kwamba nikitaja mikorosho na yeye atamtaja Saadi. Saadi hali, shambani haendi, anashinda ameketi ukutani, juzi akaniuliza, “Mama, kwani yule mtani alitukana dini kweli? Mjomba si ndiye alisema?” Nami nikamwambia nenda kaoge, kwa sababu huku kwetu neno la mjomba halina mjadala na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Na Koleta, mjane wa Felisian, nilikutana naye bombani, hakunitukana wala nini, alisema tu, “Dada, si wewe uliyemwita?” Nikaondoka bila maji.

Niambie basi, ni dini iliyomuua Felisian au ni mikorosho, maana nikisema ukweli namuua kaka na mtoto, nikinyamaza sijui nani atafuata, nifanye nini?

Mama Saadi, Nachingwea

Mama Saadi,

Pole kwa kumpoteza baba. Na pole kwa kumpoteza mtani, maana nadhani hiyo hakuna aliyekupa. Sasa kaa unisikilize, sitakubembeleza.

Umeuliza ni dini au ni mikorosho. Kwa kaka yako jibu unalo, ulilisikia kwa masikio yako mwenyewe. Mtu mwenye uchungu na maiti ya baba yake hamwagi damu mbele ya jeneza. Lakini usikimbilie kusema dini haimo, maana mwanao hana hata mti mmoja kule Likunja. Yeye na wenzake walipiga kwa imani, na kaka yako alilijua hilo vizuri: mikorosho aliinong'ona, neno kafiri akalitangaza. Angetangaza mikorosho, nani angemfuata? Kwake yeye dini ilikuwa kisingizio, kwa vijana wale ikawa sababu kamili, na Felisian amekufa kwa vyote viwili. Waliochoma banda lenu nao hawaijui habari ya mikorosho. Watakaochoma kigango hawataijua vilevile, kwa sababu anayeijua vizuri kuliko wote amefunga mdomo.

Hapo ndipo ninapokulaumu, mama. Unaona moto unasogea na wewe unahesabu ndugu. Eti ukisema ukweli utamuua kaka. Mchi uliushika wewe? Adhabu yake ataipima hakimu, si wewe, wala si wazee wanaojua yote na kukutuma wewe ukaseme uongo. Na huyo kaka anayejiita mtetezi wa dini, tazama anachofanya: anamweka mpwa wake rehani. Mjomba wa kweli angesema nilimponza mtoto, mwacheni. Yeye alimtumia pale uani, na sasa anamtumia tena kutoka mahabusu, nawe bado unaniambia neno la mjomba halina mjadala. Lina mjadala.

Tafuta msaidizi wa kisheria hapo wilayani, wapo wasiotoza chochote, umweleze yote bila kumficha Saadi. Kisha muende polisi pamoja naye, Saadi aingie kwa miguu yake mwenyewe kabla hajatajwa na mtu. Anayejisalimisha hatazamwi kama anayekamatwa, ila sikudanganyi, huenda asirudi nyumbani siku hiyo, na huenda akakaa miaka. Utoe maelezo yako kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na yale maneno ya jikoni. Ukitoka hapo nenda kwa shehe na kwa katekista wa kigango, uwaombe waseme wenyewe, mmoja msikitini na mwenzake kanisani, kwamba mtani aliitwa na alifanya kilichomleta. Kwa Koleta usiende kabla ya polisi, itaonekana unanunua kimya chake. Nenda baadaye, hata kama atakufungia mlango, na kufunga ana haki.

Lakini leo, kabla ya hao wote, Saadi amekuuliza swali na hujamjibu. Mwambie Felisian hakutukana dini. Mwambie ulimwita wewe, na kwamba mjomba alikuwa anataka mikorosho. Atalia, au atakuchukia, na hutakuwa na neno la kumtuliza. Mwambie hivyohivyo. Mtoto wako atakwenda kuhukumiwa, mama, na usimwache aende huku akiamini kwamba siku ile alikuwa anampigania Mungu.

Bi Shakila