Kaka Hakuacha Roki

Kaka yangu mpendwa,

Jumamosi tunafanya kuganduka, tunamaliza matanga yako, na neno la familia nimepewa mimi. Ungecheka. Mimi ambaye nyumbani uliniita redio mbovu.

Mama amenipa sharti moja: niseme uliacha muziki wa roki kabla hujafa.

Nimekumbuka gereji ya rafiki yako kule Mutanga Sud, mlipokuwa mkifanya mazoezi. Umeme ulikuwa ukikatika katikati ya wimbo, gitaa likabaki linalia kama nzi ndani ya chupa, mpiga ngoma akatukana, na wewe ukageuka mwalimu. Ulinieleza kwamba roki ilizaliwa Amerika kwa watu weusi, wajukuu wa watumwa. Walichukua nyimbo za shambani na za kanisani, wakazifanya bluzi, wakaongeza gitaa la umeme na mwendo wa kasi, hadi wazungu nao wakaichukua na dunia ikasahau ilikotoka. Ukanipigia mapigo kwenye paja: la kwanza hafifu, la pili zito.

"Sikiliza, aya ni makofi ya kwaya ya mama. Mutu mumoja anaimba, wengine wanaitika. Gitaa ndiyo inaitika."

Nikakuuliza mbona basi mnapiga kelele vile.

"Ni juu kuna mambo, ukisema pole pole, watu awasikii."

Mama alikusikiliza mara moja tu, nyumbani Kanyosha, ukipiga wimbo wake wa kwaya kwa ile sauti ya kukwaruza. Alibeba sufuria yake akaenda kupikia uani. "Apana, iyo ni ya shetani." Ulicheka mbele yake, lakini chakula cha siku ile hukukigusa.

Halafu figo zikagoma. Siku ya mwisho hospitalini, daktari alikuwa ameshatuambia husikii tena. Watu wa kikundi cha maombi wakakuzunguka, mchungaji akakuuliza kwa sauti kubwa kama unaiacha miziki ile. Vidole vyako vya kushoto vikasogea juu ya shuka. "Amekubali!" wakashangilia. Mimi nilikuwa nimekaa upande huo wa kitanda. Vilikuwa vinabana nyuzi, kaka. Zilikuwa akordi zilezile tatu za bluzi ulizonifundisha nikashindwa, moja baada ya nyingine, kisha vikarudi mwanzo. Nilitamani kuwafukuza wote.

Juzi nilimwambia mama ukweli huo. Nilijiandaa kwa makelele. Yeye akakaa juu ya kitanda chako.

"Mi pia niliona ivyo vidole. Mi ni mama yake, nilijua anapiga." Akanishika mkono. "Lakini ukisema akuacha iyo miziki, kule mbinguni nitamukuta wapi?"

Nina hasira na wewe pia, kwa kufa na kuniachia swali kama hilo.

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama niseme uliacha. Watapiga makofi, watakunywa, na baada ya hapo mila haituruhusu tena kukulilia mbele za watu. Yule kaka wa gereji namlilia hapa peke yangu, maana pale hakuna atakayemtaja.

Mama amezeeka sana tangu uondoke. Siku akifika huko uliko, mpokee mlangoni, na gitaa ulifiche.

Mdogo wako wa kike,
nyumbani Kanyosha