Kila Gemu Isipokuwa la Upelelezi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimempelekea Calvin gemu la nne. La kulima maboga! Mtu kavunjika mguu, kalala kwao Singe anatazama mahindi ya baba yake dirishani mchana kutwa, nami nampelekea shamba lingine kwenye laptopu.

Kacheka. "Vero, mgonjwa anasema kichwa, wewe unampa dawa ya minyoo."

Kweli. Na mimi ndiye ninayesifiwa Bagara nzima! Mtu akija steshenari ninakofanya kazi na flashi, namuuliza kwanza: unapenda nini? Mbio? Mafumbo? Halafu namtafutia magemu madogo, yale ya watu wawili watatu waliotengeneza wenyewe bila kampuni kubwa. Mwalimu mmoja alisema anapenda kupanga vitu. Nikampa la kupanga mizigo kwenye treni. Karudi kulalamika kwamba madaftari ya wanafunzi hayasahihishi tena.

Calvin namjua tangu utotoni, mama yake ni mdogo wake mama. Anachopenda ni upelelezi. Nani kafanya, ushahidi uko wapi. Ninalo zuri kuliko yote, kwenye flashi ya bluu. Nimelimaliza mara mbili. Sijampa, na sababu naijua.

Siku ya ajali aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Jumanne, 3 Juni

Niandike yote, maana hakuna pengine pa kusemea.

Jumapili ile ya Mei tulikuwa tunatoka Bonga kumwona bibi. Nikamsumbua Calvin aniachie pikipiki ya baba yake kidogo. Leseni sina. Nilishaendesha uwanjani mara mbili, basi. Akavua helmeti akanivalisha mwenyewe, akanifunga na kamba kidevuni — "anayeendesha ndiye anavaa." Ilikuwa moja tu.

Mbuzi akakatiza. Nikashika breki vibaya. Mtaroni! Mimi kiwiko. Yeye mguu wa kushoto, na kichwa nyuzi tisa. Siku ile yote imemfutika, hakumbuki hata chai ya bibi.

Hospitali wakauliza nani alikuwa anaendesha. Baba Mdogo, baba yake Calvin, akajibu kabla sijafungua mdomo: ni huyu kijana wangu, nani mwingine, pikipiki ni yetu. Hakuna aliyenigeukia. Msichana na pikipiki, nani atawaza? Nikanyamaza. Nikajiambia kunyamaza si kudanganya. Mjinga mimi.

Helmeti nimeificha, iko chini ya kitanda changu.

Alhamisi, 5 Juni

Gemu la tano. Paka anayepeleka barua. Kalicheza dakika kumi, kwa adabu tu.

Baba Mdogo kaamua: Calvin hatagusa pikipiki tena. Kazi ya kupeleka maziwa mjini, ambayo aliipenda kuliko kula, kapewa mtu mwingine. Calvin kaniambia huku anatazama ukuta. Eti baba ana haki. Nilisema pole. Pole!

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi jumuiya ya kanisa ilisali kwa kina Calvin. Mama Mdogo aliniweka mbele, karibu na kitanda, maana mimi ndiye ninayekuja kila siku. Mzee Wolfgang, kiongozi wa jumuiya, akaombea vijana wapunguze mwendo. Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia.

Halafu Calvin akaomba kusema. Akajiinua kwenye mito. Akaomba msamaha kwa wazazi wake, kwa jumuiya, "na kwa dada yangu Vero, ambaye nilikaribia kumuua."

Wote wakanitazama. Wakasubiri.

Nikasema nimekusamehe.

Nilisema! Kwa sauti, mbele ya msalaba na mishumaa. Mama Mdogo akalia, akanikumbatia, akanipakulia makande bakuli la wageni. Nimeyala yote.

Jumapili, 8 Juni

Sikukomunika. Mama kaniuliza kama naumwa. Nikasema meno.

Mchana nimempelekea flashi ya bluu. Alivyofurahi! Nimejiuliza njia nzima kwa nini nimempa. Labda nimechoka kumnyima. Labda ninataka anikamate ili nisilazimike kusema mwenyewe. Hili la pili ndilo kweli, na ni uoga.

Jumatatu, 9 Juni

Hajala mchana, anasema Mama Mdogo. Ana daftari na kalamu. Ndani ya gemu kuna nyumba ya wageni, mtu kaanguka ngazini, wote wanasema alikuwa mlevi. Ukiwauliza watu utapotea. Unatakiwa uangalie vitu: kiatu cha nani, koti la nani, kitu gani hakipo mahali pake.

"Hili ndilo gemu, Vero! Ulikuwa umelificha wapi?"

Jumanne, 10 Juni

Leo aliisimamisha laptopu katikati, akagusa mshono wa kichwani.

"Siku ile helmeti ilikuwa wapi?"

Nikasema labda ilianguka.

"Mimi siendeshi bila helmeti. Hata kwenda dukani. Unanijua."

Mama Mdogo akaingia na uji. Akasema hata yeye alishangaa, pikipiki ilirudi bila helmeti. Akatoka. Calvin aliangalia kidevu changu, pale kamba ilipochubua, kovu dogo tu. Nikasema nimechelewa kazini. Steshenari ilikuwa imeshafungwa, na yeye anajua saa ya kufunga.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika.

Jumatano, 11 Juni

Ujumbe wa Calvin, mchana: "Gemu nimemaliza. Njoo saa kumi na helmeti. Baba nimemwambia una jambo la kumweleza. Sijamwambia jambo gani."

Nimeusoma mpaka nimeukariri. Angeweza kusema mwenyewe. Ushahidi anao. Kaniachia mimi.

Nimeitoa chini ya kitanda. Imekwaruzika upande wa kushoto. Ndani kuna nyuzi mbili za rasta, zile za kahawia nilizosukia Mei. Nilitaka kuzitoa. Nimeziacha.

Baadaye — saa kumi kasoro. Niko nje ya uzio wa kwao, nimekaa kwenye jiwe, daftari gotini, helmeti miguuni. Nimejaribu sentensi ya kwanza mara nane. "Shikamoo Baba Mdogo," halafu naishiwa. Pikipiki ya Baba Mdogo ipo, imeegeshwa chini ya paa la banda. Calvin yuko dirishani. Hanipungii mkono, ananitazama tu.

Mama Mdogo ameniona. Anakuja na kigoda ili nisikae kwenye vumbi. Anasema mwanangu, mbona umekaa huku nje kama mgeni, na hiyo helmeti umeipata wapi. Nafunga daftari, nimjibu.