Nikibonyeza S Nasikia E

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.

Mpendwa dada Severa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Onesphory na watoto, na kwamba upepo wa huko Kibosho umeiacha migomba yenu imesimama. Huku kwetu tunashukuru. Maji ya mafuriko pale Jangwani yamekauka, joto limepungua kidogo, na Kariakoo ni ile ile, watu na mizigo. Usishtuke kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia nikiwa na nia ya kukueleza haya, na kila mara nimeishia kukuuliza bei ya ndizi. Nikaona heri niandike, Nirali wa dukani anichapishie, niitume kwa basi.

Unaijua kazi yangu dukani kwa Mzee Devendra. Wateja wa mikoani wanaagiza masufuria, sahani na birika, nami napokea oda zao na kuwajibu kwa ujumbe. Tangu macho yangu yalipozimika, yote hayo nayafanya kwa kishikwambi na kibodi yake ndogo isiyo na waya. Kishikwambi hunisomea kwa sauti kilichoandikwa, na kila herufi ninayobonyeza hunitamkia. Bila sauti ile, mimi pale dukani ni mzigo kama ile mingine.

Basi mwezi uliopita nilifika kazini asubuhi nikakuta kishikwambi kimejisasisha chenyewe. Sauti ya zamani, ile nzito ya kiume, imeondoka, na mahali pake kuna binti wa sauti nyembamba. Hilo sikulijali. Kilichonitia wasiwasi ni kibodi. Nikibonyeza s, nasikia e. Nikibonyeza f, nasikia e. Nafuta, nabonyeza tena, e. Nikiandika sahani, binti ananisomea “ahani”.

Nilizima nikawasha. Nilichaji kibodi mpaka ikajaa. Niliiondoa kwenye vifaa vilivyounganishwa, nikaiunganisha upya, nikahangaika na mpangilio wa lugha mpaka vidole vikauma. Nirali, binti wa Mzee Devendra anayeshika mahesabu, akaniazima kibodi yake ya nyumbani. Nayo ikaleta e zile zile. Hapo nikaanza kuogopa, maana nilijua kibodi mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Nikajiambia ni yale masasisho.

Nikawa napigapiga s mpaka nihisi imeingia. Haruna, mteja wetu wa Singida, akampigia Nirali akicheka, akauliza nani siku hizi anamwandikia ujumbe unaotoa mlio kama nyoka, mbona sufuria ina s nyingi hivyo. Nirali alicheka naye. Mimi nilicheka pia, huku naiwaza kazi yangu. Mzee Devendra ni mtu mwema, ila biashara ni biashara, na nani ataniajiri tena mjini hapa?

Wiki ile ile mkokoteni ulinigonga Mtaa wa Narung'ombe. Usihofu, nilichubuka kiwiko tu. Kilichoniumiza ni maneno ya yule kijana wa mkokoteni. Aliniinua, akanipangusa vumbi, akasema, “Dada, nimekupigia sss, sss, tangu kule nyuma, na fimbo yako nimeiona. Mbona hujanipisha?” Nikamjibu kwamba Kariakoo ina kelele. Akasema kelele za leo mbona chache. Nilienda zangu nikiwa nimemkasirikia, dada, kumbe hasira ile ilikuwa hofu.

Mwishowe Nirali akamwita Shomari, fundi simu mwenye meza pale nje ya duka letu. Akaniambia niandike chochote. Nikaandika sahani safi. Akaniambia niandike tena. Kisha akasema taratibu, “Dada Fortunata, mbona s zote zipo? Na f ipo. Kibodi yako haina tatizo.”

Nikamwambia hajui kazi. Nikamwambia asikilize mwenyewe, sauti inasema e. Akapandisha sauti mpaka mwisho, binti akapiga kelele duka zima, nami nikasikia e. Shomari akasema, “Hapana dada. Inasema es. Es, kabisa.”

Nikahisi Nirali amekuja kusimama nyuma yangu. Akaniomba nirudie atakachosema. Nikasikia a. Nikasema, “A.” Akasema lingine, nikasikia a. La tatu, a. Akaninong'oneza kitu ambacho sikukipata kabisa, kisha akanikumbatia kwa nyuma, nikahisi machozi yake shingoni. Alikuwa amesema sa, fa, sha.

Dada, giza lilinijia polepole na nikajifunza kuishi nalo. Lakini siku ile nilikaa kwenye kiti changu katikati ya masufuria nikawaza: na masikio yakifunga, nani atanifikia? Nitajuaje kwamba mtu ameingia chumbani? Nilishika meza kama mtu aliye kwenye tetemeko. Shomari alinirudishia ile sauti nzito ya zamani, ilikuwa imefichwa tu kwenye mipangilio, na maneno yakarudi karibu yote. Akaniambia huenda sauti ile ndiyo iliyokuwa ikinificha siku zote kwamba masikio yangu yanafifia. Hakutaka hata nimnunulie soda.

Nirali alinipeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alinifungia kwenye chumba kidogo na kunivalisha spika za masikioni. Alisema sauti nene bado ninazo, nyembamba ndizo zimekwenda, na zimekwenda kwa muda mrefu bila mimi kujua. Nitapata vifaa vya kuvaa masikioni, navyo vitanisaidia sana. Hakuniahidi kwamba masikio hayatashuka zaidi. Ndiyo maana nimeanza tena kusoma nukta nundu kwa vidole, nilizoziacha tangu shule kwa uvivu. Kazi bado ninayo. Mzee Devendra aliposikia, alichosema ni kwamba wateja wa simu sasa watapokewa na Nirali, mimi nibaki na wa ujumbe.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Naomba ukae chini.

Daktari aliniuliza macho yalianzaje. Nikamweleza kwamba nilikuwa najikwaa jioni wakati wenzangu wanaona, kisha pembeni kukafifia, kisha katikati. Akasema masikio na macho kuharibika hivi pamoja, huenda ni kitu kimoja ambacho mtu huzaliwa nacho, na kinaweza kuwa ndani ya ukoo. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani. Nikamwambia hayupo.

Nilikuwa nimeshafika kwangu, nafungua mlango, nilipomkumbuka binti yako Rachel. Ulinisimulia kwamba mwalimu wake anamchapa akidai ana kiburi, anaitwa na haitiki. Ukacheka kwamba hata kwako anajibu tu akikutazama usoni. Na Krismasi, tulipotoka kanisani jioni, alinishika mkono, akajikwaa kwenye ngazi pamoja nami. Tulimcheka, tukasema anamuigiza mama mdogo.

Huenda nakosea, dada. Mimi si daktari, nami nina hofu, na mwenye hofu huona mengi. Lakini simama nyuma yake, umwambie sa, fa, sha kwa sauti ya chini, umsikilize anavyorudia. Na mwambie mwalimu aweke fimbo chini mpaka mtoto apimwe. Kisha mlete. Nimeshaongea na daktari, yuko tayari kumpima masikio na kumtuma kwa wa macho. Kikiwa ndicho kitu hicho, kugundua mapema kutamsaidia kuliko mimi niliyechelewa. Kisipokuwa chenyewe, nicheke mpaka uchoke, na mimi nitacheka kuliko wewe.

Usiniandikie kujibu, panda basi tu.

Msalimie shemeji, na bibi Jacqueline hapo jirani. Mwambie Rachel mama mdogo anampenda, na umwambie ukiwa mbele yake, mwanga ukiwepo.

Ni mimi mdogo wako mwenye kukuombea,
Fortunata